Kingamwili za Damu katika Baridi Yabisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyeshika karatasi ya maabara iliyoandikwa RF au anti-CCP na hajui acheke au alie. Wengi huanza dawa kwa sababu ya karatasi, na wengine hurudishwa nyumbani na vidole vilivyovimba kwa sababu karatasi hiyo hiyo imesema hasi. Pande zote mbili watu wanaumia bure. Kingamwili hizi zina maana kubwa, ila zinasomwa pamoja na viungo vyenyewe, baada ya daktari kuvishika na kuvikunja.

## Mambo ya msingi

1. Baridi yabisi inayozungumzwa hapa ni ipi?

Mtaani kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi. Hapa tunasema ugonjwa mmoja: kinga ya mwili inaushambulia utando laini unaofunika maungio kwa ndani. Utando unavimba, unanenepa, na usipodhibitiwa unakula gegedu na mfupa. Hupenda viungo vidogo, yaani vifundo vya vidole, viganja na sehemu ya mbele ya nyayo, mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Asubuhi mikono inakakamaa kiasi kwamba kufunga kifungo cha shati ni kazi, na ukakamavu huo hudumu nusu saa, saa nzima au zaidi. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Goti la mzee linalouma akipanda ngazi na kutulia akipumzika mara nyingi ni uchakavu wa gegedu. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku kinaelekea kuwa jongo. Magonjwa hayo hayatafutwi kwa vipimo vya ukurasa huu.

2. RF ni nini?

Ni kingamwili inayolenga kingamwili nyingine. Kwa kawaida kingamwili hutengenezwa ili kukamata vijidudu. RF, ambayo mara nyingi ni ya aina ya IgM, inajishikiza kwenye mkia wa kingamwili za IgG za mtu mwenyewe. Zikishikana hivyo hufanya mafungu yanayochochea uvimbe.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mwili wenye afya pia unaweza kutengeneza RF kidogo, hasa ukiwa unapambana na maambukizi ya muda mrefu. Hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia (swali la 9).

3. Na anti-CCP?

Protini za mwili zimejengwa kwa asidi amino, mojawapo ikiwa arginini. Kwenye uvimbe, vimeng'enya viitwavyo PAD huibadilisha arginini kuwa sitrulini. Badiliko ni dogo, lakini kwa baadhi ya watu kinga huiona protini hiyo kama mgeni. Ni kama mlinzi anayemfukuza mwenye nyumba kwa kuwa amebadilisha kanzu. Miongoni mwa protini zinazoshambuliwa ni fibrinojeni, vimentini, enolasi na kolajeni ya kwenye gegedu.

Kipimo hakitafuti kila protini moja moja. Kinatumia kipande cha protini kilichotengenezwa kiwandani, chenye umbo la duara na kilichotiwa sitrulini, na kuangalia kama damu yako ina kingamwili zinazokinasa. Baadhi ya karatasi huandika ACPA, jina la jumla la kingamwili za kundi hili.

4. Kwa nini mwili unazitengeneza? Ni maji ya baridi?

Hapana. Baridi inaweza kuongeza maumivu ya kiungo ambacho tayari kina ugonjwa, lakini haitengenezi kingamwili. Kufua kwa maji ya baridi au kuoga usiku hakujamletea mtu ugonjwa huu, na akina mama wengi wamebeba lawama hiyo bila kosa.

Kinachojulikana ni mchanganyiko. Kuna urithi: aina fulani za jeni ya HLA-DRB1 huzionyesha protini zenye sitrulini kwa kinga kwa urahisi zaidi. Kuna sigara, ambayo huwasha mapafu na kuchochea kubadilishwa kwa protini humo. Mwenye jeni hizo akivuta, hatari yake ya kupata ugonjwa wenye anti-CCP hupanda sana. Kuna pia fizi: bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, anayehusika na ugonjwa wa fizi, ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kutengeneza sitrulini. Hata hivyo wagonjwa wengi hawajawahi kushika sigara, kwa hiyo mtu asihukumiwe.

5. Vipimo hivi vilianzaje?

Erik Waaler wa Norwei aliandika mwaka 1940 kwamba damu ya mgonjwa fulani ilizigandisha chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, kwa namna isiyotarajiwa. Harry Rose na wenzake Marekani waliona jambo hilo hilo mwaka 1948, ndiyo maana kipimo cha zamani kiliitwa Waaler-Rose. Mwaka 1956 chembe za kondoo zilipata mbadala, punje za lateksi, ambazo bado zinatumika.

Habari ya sitrulini ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1964 Nienhuis na Mandema wa Uholanzi waliona kingamwili za wagonjwa zikinasa kwenye seli za ndani ya shavu la mdomo, bila kujua zinanasa nini hasa. Jibu lilikuja mwaka 1998, timu ya Uholanzi ilipoonyesha kwamba kinachonaswa ni sitrulini. Baada ya hapo anti-CCP ikaingia maabara za kawaida.

## Siku ya kupima

6. Nifunge kula? Niache dawa?

Huhitaji kufunga. Damu kidogo ya mshipa wa mkono inatosha, na saa yoyote ya siku inafaa. Usiache dawa za maumivu wala za presha kwa ajili ya kipimo hiki. Sema tu kama unameza vidonge vya bayotini vya nywele na kucha, kwa sababu baadhi ya mashine hutumia bayotini ndani ya kipimo na dozi kubwa inaweza kupotosha majibu.

7. Maabara wanafanya nini na damu yangu?

Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji hadi chembe zikae chini na seramu ya manjano ibaki juu. Kwenye maabara nyingi ndogo, tone moja la seramu huwekwa kwenye slaidi nyeusi, karibu yake tone la lateksi nyeupe kama maziwa. Mtaalamu anayachanganya kwa kijiti na kuizungusha slaidi taratibu kwa dakika mbili hivi. RF ikiwepo, maziwa yale yanakatika na kuwa chembechembe zinazoonekana kwa macho. Isipokuwepo, yanabaki laini.

Njia hiyo ni nafuu na ya haraka, lakini inategemea jicho la mtu, na aliyeiacha slaidi ikakauka anaweza kuona chembe ambazo si ugonjwa. Halafu majibu yake mara nyingi ni chanya au hasi tu, bila namba. Anti-CCP haifanyiki kwa slaidi ya aina hiyo. Yenyewe inahitaji mashine au ELISA, kipimo cha maabara kinachosomwa kwa mabadiliko ya rangi, na ndiyo sababu hospitali ndogo huituma sampuli mjini, bei ikapanda na majibu yakachelewa.

8. Fedha yangu inatosha kipimo kimoja. Nichague kipi?

Kama viungo vimevimba kweli na daktari anashuku ugonjwa huu, mimi ningechagua anti-CCP. Uwezo wa kugundua wagonjwa unakaribiana: kila kimoja kinawakamata takriban 2 kati ya 3. Tofauti iko kwa wasio wagonjwa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba anti-CCP huwatoa wasio na ugonjwa kwa usahihi wa karibu asilimia 95, RF karibu asilimia 85.

Kama viungo havijavimba na una maumivu ya mwili mzima tu, usitumie fedha hiyo kwa kimojawapo. Anza kwa kuchunguzwa na daktari.

## Kusoma majibu

9. RF yangu ni chanya. Nina baridi yabisi?

Bado hatujui. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo twende na hesabu. Chukua watu 1,000 wa kawaida, na tuseme 10 kati yao wana ugonjwa. RF itawakamata kama 7. Kwa wale 990 wasio nao, asilimia 15 watatoka chanya, yaani karibu 148. Ukikusanya karatasi zote zenye chanya unapata 155, na wagonjwa wa kweli ndani yake ni 7. Ndiyo maana kumpima RF kila anayelalamika mgongo kunazaa hofu kuliko majibu.

Chanya hizo nyingine zinatoka wapi? Homa ya ini aina ya C ni sababu kubwa, na ya B pia. Zipo kifua kikuu, ukoma, malaria, kichocho na maambukizi ya valvu za moyo. Yapo magonjwa mengine ya kinga, kama lupasi na ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo. Na upo umri: wazee wenye afya njema huwa na RF mara nyingi kuliko vijana. Katika nchi zetu, ambako maambukizi haya ni jambo la kila siku, RF chanya peke yake ina uzito mdogo zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodokeza.

Hali inabadilika kabisa kama una vifundo vilivyovimba pande zote mbili kwa wiki nane na asubuhi mikono haikunjiki. Hapo RF hiyo hiyo ni ushahidi mzito.

10. Anti-CCP yangu ni chanya. Hii nayo inaweza kudanganya?

Inaweza, ila mara chache. Kwa watu 1,000 wale wale, chanya za bure zingekuwa karibu 50 badala ya 148, na kiwango kikiwa juu sana uwezekano wa kosa unapungua zaidi. Tahadhari kubwa kwetu ni kifua kikuu: baadhi ya wagonjwa wa TB hai hutoka chanya bila kuwa na baridi yabisi. Mwenye kikohozi, homa za jioni na kupungua uzito apimwe TB kabla ya mtu yeyote kumwandikia dawa za kushusha kinga.

11. Vyote viwili ni hasi, lakini vidole vimevimba.

Basi vidole ndivyo vinavyosema. Kati ya wagonjwa wa baridi yabisi, takriban 20 hadi 30 kwa kila 100 hawana RF wala anti-CCP. Ugonjwa wao ni wa kweli na unaweza kuharibu mifupa kama wa wenzao. Hasi haitoshi kukurudisha nyumbani na diklofenaki.

Daktari atahitaji kuangalia zaidi: ngozi na kucha kutafuta soriasisi, maumivu ya mgongo ya asubuhi, maji ya kwenye kiungo kama yapo, na altrasaundi ya mikono ikipatikana. Omba rufaa kwa bingwa wa viungo, na usikubali miezi ipite. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo dawa huzuia uharibifu kwa urahisi zaidi, na mfupa ulioliwa haurudi.

12. Namba yangu ni kubwa. Ukubwa una maana?

Una maana. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010, vilivyotolewa na vyama vya mabingwa wa viungo vya Marekani na Ulaya, hutoa alama hadi 10, na 6 zinatosha kuuita ugonjwa baridi yabisi, mradi uvimbe upo na hauna maelezo bora zaidi. Kingamwili zikiwa hasi unapata 0. Zikiwa juu kidogo ya kawaida unapata 2. Zikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida unapata 3. Jibu la RF lisilo na namba huhesabiwa kuwa chanya ya chini.

Tazama watu wawili. Mama ana vifundo vitano vidogo vilivyovimba (3), anti-CCP ya juu sana (3), CRP iliyopanda (1; CRP na ESR ni vipimo vya uvimbe, swali la 14) na miezi mitatu ya ugonjwa (1): jumla 8. Kijana ana goti moja (0), RF ya juu kidogo (2), ESR iliyopanda (1) na miezi miwili (1): jumla 4. Wote wawili wameandikiwa chanya, ila goti la kijana linahitaji kutafutiwa sababu nyingine.

13. Maabara mbili zimenipa namba tofauti. Ipi ni ya kweli?

Pengine zote. Kila kampuni ina kipimo chake na mpaka wake; kwa anti-CCP mpaka unaweza kuwa 10, 17 au 20 kutegemea kipimo. Soma namba yako ukiilinganisha na kiwango cha kawaida kilichochapishwa kwenye karatasi hiyo hiyo, na usilinganishe 45 ya maabara hii na 90 ya ile. Tofauti inayohitaji kurudiwa ni pale moja inaposema hasi kabisa na nyingine juu sana.

14. ESR, CRP na asidi ya yuriki si vipimo vya kitu hicho hicho?

Si hivyo. ESR na CRP huonyesha kwamba kuna uvimbe mwilini, bila kusema umetoka wapi. Nimonia itazipandisha pia. Asidi ya yuriki inahusu jongo, na ikiwa juu kidogo haithibitishi hata jongo lenyewe. Mtu amekatazwa nyama miaka nenda rudi kwa ajili ya namba hiyo, huku vifundo vyake vikipinda kwa baridi yabisi.

## Baada ya ugonjwa kuthibitika

15. Kingamwili zinasema ugonjwa utakuwa mkali?

Zinasema uwezekano. Wenye anti-CCP, hasa kwa kiwango kikubwa na RF juu yake, hupata uharibifu wa mifupa mapema zaidi wasipotibiwa. Vinundu vigumu chini ya ngozi ya kiwiko huonekana karibu kwa wenye RF tu. Mapafu nayo huathirika zaidi kwa wenye kingamwili: kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi taratibu. Ukiwa na dalili hizo na makohozi hayana TB, mkumbushe daktari kwamba una baridi yabisi, maana kovu la mapafu linaweza kutibiwa kimakosa kama kifua kikuu.

16. Nirudie kupima kila miezi mitatu nione kama napona?

Hapana, na fedha hiyo ina kazi bora. Kingamwili zinaweza kubaki juu huku mgonjwa anafua, analima na hana kiungo kilichovimba. Maendeleo hupimwa kwa kuhesabu viungo vilivyovimba na vinavyouma, kwa ESR au CRP, na kwa maelezo yako mwenyewe. Fedha ya damu iende kwenye vipimo vya ini, figo na wingi wa damu vinavyolinda usalama wa dawa.

17. Zinabadilisha dawa nitakayopewa?

Mwanzoni si sana. Metotreksati ndiyo dawa ya kwanza kwa wengi, mwenye kingamwili na asiye nazo. Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: metotreksati ya baridi yabisi inamezwa mara moja kwa wiki. Chagua siku, iandike kwenye pakiti, na meza asidi ya foliki kama ulivyoelekezwa. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku.

Tofauti hujitokeza dawa za mwanzo zikishindwa. Rituksimabu, inayopunguza seli B ambamo kingamwili zinaanzia, hufanya kazi vizuri zaidi kwa wenye RF au anti-CCP. Kabla yake ni lazima kupimwa homa ya ini B, na kabla ya dawa za kundi la anti-TNF, zinazozuia protini ya TNF inayochochea uvimbe, ni lazima kutafuta TB iliyojificha.

## Hali za pekee

18. Viungo vilianza baada ya chikungunya. Ni baridi yabisi?

Pwani yetu inaifahamu chikungunya tangu mlipuko wa 1952 kwenye nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, hadi Lamu mwaka 2004 na Mombasa miaka ya 2017 na 2018. Virusi hivi huacha viungo vidogo vimevimba pande zote mbili, pengine kwa miezi, na kwa macho hufanana sana na baridi yabisi. RF inaweza kutoka chanya. Anti-CCP ya juu si kawaida yake, kwa hiyo hapa kipimo hicho kina thamani ya pekee. Mweleze daktari kama kulikuwa na homa kali na vipele mwanzoni, na kama jirani nao waliugua.

19. Sina dalili lakini nimetoka chanya. Au: mama anaumwa, nipime?

Kingamwili zinaweza kutangulia ugonjwa. Watafiti wa Uholanzi walifungua damu iliyohifadhiwa ya wachangiaji waliokuja kuugua baadaye, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba karibu nusu walikuwa nazo kabla ya dalili, kwa kawaida miaka minne na nusu kabla. Lakini wengi wenye chanya bila dalili hawaugui, hasa chanya ya RF pekee.

Kwa hiyo ndugu asiye na dalili sishauri apimwe. Aliyekwisha kupimwa aache sigara, atibu fizi, na aende hospitali mapema vifundo vikianza kuvimba au kukakamaa asubuhi. Abatasepti, dawa inayotuliza seli T za kinga, imejaribiwa kwa watu wenye kingamwili na maumivu ya viungo, matokeo yakatoka mwaka 2024: ilichelewesha ugonjwa, ila faida ilififia baada ya kuacha dawa. Bado si tiba ya kumpa kila mwenye chanya.

20. Nina mimba. Kingamwili zitamfikia mtoto?

RF ya IgM haivuki kondo la nyuma. Anti-CCP ni IgG na inaweza kuvuka, lakini haimpi mtoto baridi yabisi, na huisha miezi baada ya kuzaliwa. Ya kuangalia ni nyingine, anti-Ro, inayoweza kuathiri mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa asilimia 1 hadi 2 ya mimba za wenye nayo. Mwenye macho na mdomo mkavu aiombe kabla ya kushika mimba. Metotreksati lazima iachwe mapema kabla ya kushika mimba, kwa mpango na daktari. Ukigundua una mimba huku unaimeza, acha na uende kliniki siku hiyo.

21. Mtoto wangu wa miaka saba amevimba goti. Apimwe RF?

Haitasaidia sana. Kati ya watoto wenye ugonjwa wa viungo wa utotoni, wenye RF ni kama 5 kwa 100, mara nyingi wasichana wakubwa, na kwao chanya inahesabiwa ikirudiwa baada ya miezi mitatu. Kwa mtoto mdogo kipimo chenye faida zaidi ni ANA, cha kingamwili zinazolenga kiini cha seli, kwa sababu kikiwa chanya macho yake yako hatarini kuvimba ndani bila kuuma wala kuwa mekundu. Akaangaliwe macho kwa taa maalumu hata kama anaona vizuri.

22. Je, RF inaweza kuharibu majibu ya vipimo vingine?

Ndiyo, na wachache huambiwa. Kwa kuwa RF hujishikiza kwenye kingamwili, inaweza kuunganisha sehemu za kipimo ambazo hazikupaswa kushikana. Vipimo vya IgM, kama vya rubela au toksoplazima, vinaweza kutoka chanya bila maambukizi. Mjamzito mwenye baridi yabisi aliyepewa majibu ya namna hiyo amwambie daktari kwamba ana RF, na aombe sampuli ipimwe tena kwa njia inayoondoa RF kwanza, kabla ya uamuzi wowote kuhusu mimba yake.